Kila nikipuliza dawa, sisimizi wanarudi wengi zaidi: nifanyeje?

Swali: Habari ya kazi, mtaalamu. Ninaishi Walukuba, Jinja, nyumba ya kupanga, na nina mapacha wa miezi mitano. Tangu mvua zianze, sisimizi wadogo mno, wenye rangi ya njano iliyofifia, wameingia jikoni, kwenye sukari, kwenye swichi ya taa, na sasa nawakuta kitandani kwa watoto. Mume wangu anapuliza dawa ya mkebe kila jioni. Wanapotea siku mbili tatu, halafu wanatokea mahali ambapo hawakuwepo. Jirani anasema nimwage mafuta ya taa, na mchuuzi ameniuzia chaki ya kuchora ukutani. Nitumie nini waishe kabisa? Na ile sukari waliyoingia, bado inafaa? (Nalongo, Walukuba)

Jibu:

Nalongo, hongera kwa mapacha na pole kwa kukesha. Nianze na la leo jioni: mwambie Ssalongo, baba wa mapacha, auweke kando mkebe wa dawa. Najua anapuliza kwa kuwahurumia watoto, na akiona sisimizi wametapakaa sakafuni wamekufa anaamini kazi imekwisha. Lakini kwa aina ya sisimizi uliyoieleza, mkebe huo ndio unaowasambaza nyumba nzima. Ningependa mwelewe sababu kabla hamjatoa shilingi nyingine dukani.

Hao mnaowaona kwenye sukari ni sehemu ndogo tu ya kundi. Ni wafanyakazi waliotoka kutafuta chakula. Nyuma ya plasta, chini ya sakafu iliyopasuka, au ndani ya bomba linalopitisha nyaya za umeme, kuna kiota chenye mayai, mabuu na malkia, na kwa sisimizi hawa malkia huwa wengi katika kiota kimoja. Dawa nyingi za mkebe zina kemikali za jamii ya piretroidi. Zinamuua anayeguswa hapo hapo na kumfukuza aliyebaki. Kundi likisumbuliwa, baadhi ya wafanyakazi hubeba mayai na mabuu, huhama na malkia mmoja au kadhaa, na kuanzisha kiota kingine mita chache kutoka cha kwanza. Ndiyo sababu mnapumzika siku mbili tatu kisha wanachomoza kwenye swichi. Mlikuwa na kiota kimoja, sasa huenda mna vitatu.

Kwa maelezo yako ninamshuku sisimizi anayeitwa farao, ambaye jina lake la kisayansi ni Monomorium pharaonis. Mfanyakazi wake ana urefu wa milimita mbili hivi. Usikubali neno langu kabla ya kuhakikisha: usiku, weka tone la maji ya sukari juu ya karatasi nyeupe karibu na swichi, subiri wakusanyike, kisha uwamulike na tochi ya simu. Wakiwa wa rangi moja ya njano au hudhurungi nyepesi, na ncha ya tumbo imekolea rangi kidogo, ni farao. Kichwa kikiwa cheusi na tumbo jeupe kama halipo, huyo ni Tapinoma melanocephalum, na ukimsaga kati ya vidole unasikia harufu ya nazi iliyooza. Hawa wawili wanatibiwa kwa njia moja.

Wa tatu lazima nimtaje kwa kuwa amejaa nchini kwetu. Ukiona katika msafara wadogo wengi wakifuatana na wachache wenye vichwa vikubwa kupita kiasi, na chini ya ukuta kuna vichungu vya mchanga laini ambavyo unavifagia asubuhi na kesho yake vimerudi, huyo ni Pheidole megacephala. Yeye ni mwenyeji wa Afrika, kiota chake kwa kawaida kiko nje ardhini au chini ya msingi, na anapenda mafuta na nyama kuliko sukari. Nitamrudia kwenye chambo.

Sasa kitanda cha watoto. Hiki kishughulikiwe usiku huu huu, bila dawa ya aina yoyote. Farao anatafuta unyevu na protini: maziwa yaliyokauka kwenye kola ya nguo, mate kwenye shuka, kitambaa cha kucheulia kilichosahauliwa chini ya mto. Hospitalini amekutwa akiingia hata kwenye bandeji za vidonda, na watafiti wamempata akibeba bakteria kama salmonela. Kwa hiyo kumwondoa kwenye kitanda cha mtoto si suala la usafi wa macho tu.

Sogeza kitanda kisiguse ukuta. Kila mguu uingize kwenye mkebe mdogo wenye maji na matone mawili ya sabuni ya maji. Bila sabuni sisimizi mwepesi anaweza kuvuka juu ya maji, lakini yenye sabuni yanamzamisha. Halafu piga magoti uangalie kwa chini. Karibu kila nyumba niliyoitwa kwa tatizo hili, mikebe iko sawa na maji yamejaa, lakini pembe moja ya chandarua imeteremka hadi sakafuni, na sisimizi wanapanda kwa hiyo kama ngazi. Chandarua kiingizwe chini ya godoro pande zote nne. Kamba yake nayo, ile iliyofungwa kwenye msumari ukutani au darini, ipake mafuta mazito ya kujipaka sehemu ya juu, upana wa vidole vitatu, kwa sababu wakikosa njia ya chini watajaribu ya juu. Maji ya mikebe yabadilishe kila siku ya tatu. Yakikaa zaidi ya wiki yanazalisha mbu, na Jinja, pale kando ya ziwa, mbu hatuhitaji kuwaongeza.

Shuka na nguo za watoto zenye maziwa zisilale ndani ya beseni hadi asubuhi. Zifue, au angalau zisuuze uzianike.

Sasa tuje kwenye tiba yenyewe: uwalishe. Sisimizi aliyekomaa hawezi kumeza chakula kigumu. Ananyonya kimiminika, anakihifadhi kwenye tumbo la akiba, na akifika kiotani anawagawia wenzake, mabuu na malkia, kinywa kwa kinywa. Sumu inayoua haraka inafia njiani pamoja na aliyeibeba. Sumu hafifu, inayochukua siku kadhaa, inafika hadi kwa malkia ambaye hutamwona maisha yako yote. Hapo ndipo unaposhinda au kushindwa vita hii.

Tafuta asidi ya boriki, unga mweupe unaoulizia duka la dawa au duka la kemikali. Chemsha nusu lita ya maji, yaache yapoe hadi uvuguvugu, weka kijiko kimoja cha chai cha asidi ya boriki kilichosawazishwa na vijiko kumi vya sukari, koroga hadi kila kitu kiyeyuke. Ukipata boraksi badala ya asidi ya boriki, weka kijiko kimoja na nusu. Nakuomba sana usizidishe. Watu huongeza unga wakidhani wanaongeza nguvu, kumbe wakizidisha, sisimizi anakufa kabla hajafika nyumbani au anaonja na kukataa. Mchanganyiko huu una boriki kama asilimia moja, na kiasi hicho ndicho kinachotakiwa.

Loweka kipande cha pamba, kiweke ndani ya kizibo cha soda, na kizibo ukiweke kando ya msafara wao, si juu yake. Una watoto wawili ambao muda si mrefu watatambaa, kwa hiyo kizibo kisiachwe wazi. Chukua kikopo cha plastiki chenye kifuniko, toboa matundu madogo ubavuni kwa msumari wa moto, weka kizibo ndani, funga kwa gundi ya karatasi, kisha ukiweke juu ya kabati au nyuma ya rafu. Mchanganyiko uliobaki uandike SUMU kwa kalamu nzito, uuweke juu, mbali na chakula, na usiwe kamwe ndani ya chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Kijiko ulichokorogea kisirudi jikoni. Ikitokea mtoto ameinywa, usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali na uende na chombo chenyewe.

Siku ya kwanza na ya pili sisimizi wataongezeka. Utaona msafara mnene unaokuja kwenye kikopo, na moyo utakuambia uchukue mkebe. Usiuchukue, wala usipanguse msafara huo kwa sabuni. Kila mmoja anayeondoka tumbo likiwa limejaa anakufanyia kazi. Badilisha pamba kila siku mbili au tatu, kwa kuwa kwa joto letu maji ya sukari yanachacha upesi na wao hawagusi kilichochacha.

Wakikataa sukari, usiseme dawa ni mbovu. Kundi lenye mabuu wengi hutaka protini na mafuta, na hamu hiyo hubadilika kutoka wiki hadi wiki. Jaribu hivi: kwenye karatasi moja weka tone la asali, punje ya binyebwa (karanga) vilivyosagwa, na unga kidogo wa mukene (dagaa). Rudi baada ya nusu saa. Wanapojazana, hapo ndipo utakapochanganya sumu. Kwa binyebwa, changanya vijiko vitano vya chai na robo kijiko cha asidi ya boriki, usage hadi usione unga mweupe, uweke ndani ya kikopo kile kile. Huu ndio mlo wa yule mwenye kichwa kikubwa pia, ila kwake vikopo viwekwe nje, kwenye vichungu vya mchanga, pasipofikiwa na mvua wala kuku.

Baada ya wiki mbili wengi watakuwa wamepungua, na hapo ndipo watu wengi huondoa chambo na baada ya mwezi wananipigia simu. Farao huchukua kama wiki tano au sita kutoka yai hadi kuwa mfanyakazi. Walio katika hali ya pupa, ile kati ya buu na mdudu kamili, hawali kitu, kwa hiyo sumu haiwafikii, na wakitoka wanaanza kutafuta chakula. Acha vikopo wiki sita kamili, hata kama wiki mbili za mwisho huoni hata mmoja.

Kisha majirani. Nyumba za Walukuba nyingi ni za zamani, zilijengwa kabla ya uhuru, na ninyi mnaokaa zilizoungana mna ukuta mmoja na familia ya pili. Wewe ukilisha huku wao wanapuliza, kundi lao litahamia kwako. Nenda ukazungumze nao, ukiwa na mchanganyiko wako mkononi, uwagawie. Nusu lita inatosha nyumba nne. Ikishindikana, mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wenu, amewahi kusuluhisha mambo madogo kuliko hili. Wapangaji wa mizigo ya Kampala, yaani vyumba vya kupanga vilivyoungana, ninaowahudumia wamefaulu pale tu walipokubaliana safu nzima ya vyumba, na sijaona chumba kimoja kikifaulu peke yake.

Kuhusu mafuta ya taa: yanakatisha harufu ya njia yao kwa siku moja, yanaacha harufu kwenye chakula, na kwenye nyumba yenye sigiri na watoto wachanga yanaweza kuleta moto. Hapana. Hiyo chaki ichukue sasa hivi uifunge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) uiondoe nyumbani. Chaki za namna hiyo hubeba piretroidi zile zile za mkebe, hazina maelezo ya kiasi, na mtoto hawezi kuzitofautisha na chaki ya shule. Baya kuliko yote ni dawa za shambani zinazopimwa na kuuzwa kwenye chupa ndogo zisizo na lebo. Nyingi ni sumu za mishipa ya fahamu, hazikutengenezwa kupulizwa chumbani, na hakuna daktari atakayejua atibu nini usipoweza kumwambia jina lake. Jivu linafaa kidogo wakati wa kiangazi kuzungushia mguu wa meza. Likinyonya unyevu linashikana na wanapita juu yake.

Swichi ya taa isipulizwe kitu wala kupanguswa kwa maji. Fundi wa umeme azime kwenye mita, afungue, atoe uchafu, kisha azibe pale bomba la nyaya linapoingilia ukutani. Asizibe kabla ya wiki za chambo kwisha, kwa maana utawafungia ndani nao watatoboa kwingine.

Ukishawamaliza, kuwazuia wasirudi ni kazi ya mwaka mzima. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa kwa nchi zenye baridi kali ambako sisimizi hupumzika miezi kadhaa. Kwetu hawapumziki. Mvua za Machi hadi Mei zinajaza maji viota vya nje na kuwasukuma ndani, zile za mwishoni mwa mwaka zinafanya hivyo tena, na katikati, jua likiwaka, wanaingia kutafuta maji. Kwa hiyo ninaanza na maji kuliko chakula, kinyume cha watu wengi. Gusa ukuta ulio chini ya bomba la jikoni na bafuni kwa kiganja. Ukiwa wa baridi na plasta inabanduka, kuna unyevu, na kiota kinapenda mahali hapo. Mwambie mwenye nyumba abadilishe mpira wa bomba. Ni gharama ndogo kuliko ya kupiga plasta upya. Jerikeni za maji zikae juu ya mbao au matofali, sakafu iliyo chini yake ipate kukauka. Vyombo visilale na maji kwenye beseni.

Sukari, unga na maziwa viingie kwenye mikebe yenye kifuniko cha kubana, kwani kaveera wanaitoboa au wanapita kwenye fundo. Gunia la makaa litolewe nje na lisikae kwenye sakafu ya udongo. Maganda ya matooke yasirundikwe nyuma ya jikoni hata kwa usiku mmoja.

Kisha toka nje uzunguke nyumba. Kama kuna migomba karibu na ukuta, fungua ala za majani karibu na shina. Utakuta vidukari weusi wa mgomba wamejipanga, na sisimizi wakiwalinda na kunywa utamu wanaoutoa. Mgomba huo ni jiko la sisimizi. Uhamishe, au uondoe majani makavu na machipukizi ya ziada, na kati ya mimea na ukuta acha nusu mita ya ardhi tupu. Tawi la mwembe au mparachichi linaloegemea bati likatwe. Majimoto, wale sisimizi wa mitini, walio juu ya mwembe waache waishi, wanakula wadudu wanaoharibu matunda, ilimradi hawana daraja la kufika darini. Nyufa za msingi zizibwe kwa saruji wakati wa kiangazi, si mvua inaponyesha.

Siafu wasichanganywe na haya yote. Wale wanaopita kwa safu usiku wa mvua hawaishi nyumbani kwako, wanawinda. Wabebe watoto kwanza, uwafungulie kuku na mbuzi kwa sababu aliyefungwa hawezi kukimbia, uhamie kwa jirani na uwaache. Baada ya saa kadhaa wanakuwa wamekwenda, na mende na panya wamekwenda nao. Usiwapulizie, watasambaa kila chumba. Na ukiona njia za udongo zinazopanda ukutani hadi kwenye mbao za paa, hao ni mchwa, nao hawaguswi na chambo hiki. Waletee mtu wa mchwa.

Mkifikia kumwita mpuliziaji, mwulizeni kabla hajaingia: anatumia chambo au anapuliza? Dawa ina jina gani, na lebo iko wapi? Akisema atapuliza nyumba nzima dhidi ya farao, mshukuruni aende. Akisema ataweka jeli ya chambo na kurudi baada ya wiki mbili kukagua, huyo anaijua kazi. Watoto wasiwe ndani siku anayofanya kazi, na asipake jeli mahali wanapofika.

Sukari sasa. Iliyoingiwa na sisimizi tu, bila dawa, mtu mzima anaweza kuitandaza juani kwenye sinia, wakaondoka, akaitumia kwenye chai inayochemka. Lakini Ssalongo amekuwa akipuliza jikoni kila jioni, na sukari ilikuwa wazi. Hiyo imwage, pamoja na unga wowote uliokuwa wazi. Usiitumie hata kutengenezea chambo, kwa sababu ikiwa na dawa ndani yake, sisimizi wataionja na kugeuka. Chupa za maziwa za watoto, chuchu na vijiko vilivyokuwa kwenye rafu hiyo vioshe kwa sabuni, uvisuuze vizuri, kisha uvichemshe, na rafu yenyewe uipanguse mara mbili kwa maji ya sabuni na kitambaa ambacho utakitupa.